Kidonge Nilichokificha Wakati wa Jaribio la Dawa

Wiki iliyopita msomaji mmoja mwenye baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo, aliniandikia akiuliza kama ajiunge na jaribio la dawa mpya ya kupunguza uvimbe. Kabla sijamjibu, sina budi kumsimulia aibu yangu.

Nilikuwa Uingereza nikifanya kazi ya kutunza wazee nilipotia saini fomu ya ridhaa. Nilitakiwa kwanza niache dawa zangu za uvimbe mpaka ziishe mwilini, kisha nianze vidonge ambavyo si mimi wala daktari aliyejua kama ni dawa au ni vya bandia. Niliruhusiwa parasetamoli tu, na kila nilichomeza nikiandike daftarini. Usiku wa nne vidole vilivimba hata nikashindwa kufungua kifuniko cha chupa ya maji, nikapekua mkoba na kumeza diklofenaki, dawa ya uvimbe niliyoletewa na mama kutoka Tanga. Sikuandika. Nikarudia usiku uliofuata, na mwingine, na mwingine.

Siku ya kupimwa, daktari alibonyeza viungo 28, kimoja baada ya kingine, kwa nguvu ya kutosha kuufanya ukucha wake mwenyewe uwe mweupe. (Nyayo hazimo katika hesabu hiyo, ingawa zangu ndizo zilizonitesa zaidi, na hilo linaniudhi hadi leo.) Uvimbe ulikuwa umepungua, naye akafurahi. Furaha yake ilinichoma, nikakiri. Nilitolewa katika jaribio bila kugombezwa, na kule kutogombezwa kuliniuma kuliko tusi.

Ndugu yangu, ukificha kidonge unaipa dawa sifa isiyo yake, na tumbo likikuuma unaibebesha kosa lisilo lake. Mwaka 2000 zilichapishwa habari za jaribio la Vioxx, dawa ya uvimbe, kwa wagonjwa zaidi ya 8,000 wa baridi yabisi: iliwadhuru tumbo kidogo kuliko naproksen, dawa nyingine ya uvimbe, lakini mshtuko wa moyo ulionekana zaidi kwa walioitumia, na mwaka 2004 ikaondolewa sokoni. Hesabu za namna hiyo hutegemea daftari la mgonjwa. Basi sema kila unachomeza, hata mitishamba ya shangazi. Tena, kabla ya kusaini, uliza utampigia nani simu maumivu yakizidi usiku. Namba niliyopaswa kupiga mimi ilikuwa imeandikwa kwenye jalada la daftari lilelile, chini ya jina langu.