Chambo cha Bwawa Dogo: Uliza Kwanza Samaki Wanalishwa Nini

Binti mmoja wa Mafinga ameniandikia. Baba yake mdogo ana bwawa la perege nyuma ya nyumba na amemruhusu avue kwa mshipi. Kila jioni anatundika nyungunyungu wanene aliowachimba jaani, kiboya kimetulia tuli, na samaki anawaona kwa macho yake wakijirusha juu ya maji. Kaka zake wanamwambia aache kujisumbua, mwanamke akishika ndoana samaki wanakimbia. Mwisho ameniuliza: "Dada, nitumie chambo gani?"

Mdogo wangu, nitakujibu, tena kwa kirefu, maana hayo maneno ya kaka zako nimeyasikia tangu sijavunja ungo.

Mimi ni mtu wa Songea. Nimekulia kwenye bonde ambalo karibu kila ukoo una bwawa lake, na babu yangu alikuwa akiitwa huku na huko kuvua pale wageni wanapokuja ghafla na mwenye nyumba hataki kuvuta wavu. Kila mjukuu wa kiume alichongewa ufito wa mwanzi. Mimi nilipewa kopo. Kazi yangu ilikuwa kuchimba nyungunyungu chini ya migomba, pale yanapomwagwa maji ya vyombo, kuwafunika kwa udongo mbichi na jani la mgomba wasife na jua, kisha kusimama nyuma ya kaka zangu nikisubiri waseme "lete". Mshipi sikuruhusiwa kuushika. Babu alipokuwa anakanda donge lake la unga alinigeuzia mgongo kabisa, na nikisogea alinituma maji. Alifariki hajanifundisha kitu, na wale aliowafundisha leo hakuna hata mmoja anayevua. Hilo bado linaniuma, na sidhani kama litaisha.

Lakini mbeba kopo anaona mengi. Nilikuwa naona Babu hafiki bwawani na chambo alichokwisha kukiamua. Alikuwa anasalimiana na mwenye bwawa, anakaribishwa kigoda, anaulizia mahindi, anaulizia wagonjwa, halafu katikati ya maongezi anapenyeza swali: siku hizi mnawapa nini samaki? Jibu la swali hilo ndilo lililokuwa linaingia kwenye donge.

Na hapo ndipo penye mzizi wa mambo kwenye bwawa dogo. Ziwani samaki anahangaikia riziki, anajaribu kila anachokutana nacho. Bwawa la mita 20 kwa 15 lina maisha mengine. Samaki wa humo wamekulia humo humo, wanaletewa chakula na mtu yule yule, kwenye kona ile ile, saa ile ile. Harufu ya chakula chao wanaijua. Ukiwaletea kigeni, hata kiwe kinono namna gani, wanakisogelea, wanakigusa kwa mdomo, wanakiacha.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kuvua kwa mama mmoja anayepika komoni. Nikakuta vijana wa mjini wamenitangulia. Wana fimbo za kisasa zenye magurudumu ya kukunjia mshipi, na sanduku lililojaa samaki wa plastiki na minyoo ya mpira ya kila rangi. Wamenisalimu vizuri, kisha mmoja akaniuliza kama nimekuja kununua samaki. Sikumjibu. Nikapitiliza hadi jikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Naona umekuja na ufito wako."

Nikakaa. Alikuwa anachuja pombe, na kila alipomaliza kukamua, machicha ya ulezi na mahindi aliyatia kwenye beseni la bati. Nikamuuliza yanakwenda wapi. Akasema kuku wanapata kidogo, mengine mjukuu wake anayamwaga bwawani kila jioni, pale mfereji unapoingiza maji. Nikamwomba konzi moja.

Nilikuwa nimetoka nyumbani na kiporo cha ugali mgumu. Nikakifinyanga pamoja na yale machicha na unga kidogo wa ngano. Ngano ndiyo inayoshikisha. Ukiikosa, donge linamumunyuka kabla halijafika chini. Unakanda mpaka liache kung'ang'ania vidole, na ukilibonyeza libaki na alama ya dole gumba. Linanukia uchachu, ule ule unaotoka kwenye beseni. Unamega kitonge cha ukubwa wa harage, unakivisha ndoana ndogo, namba 10 au 12, mpaka ncha ifichike lakini iwe karibu kutokeza. (Dukani usichanganyikiwe: kadiri namba inavyopanda ndivyo ndoana inavyopungua ukubwa.) Kiboya changu ni kipande cha kandambili kuukuu nilichokikata kwa wembe, hakizidi ncha ya kidole. Perege haumi kwa fujo, ananyonya na kutema, na kiboya kikubwa hakitakuonyesha kitu.

Nikarusha pale pale anapomwagia yule mjukuu. Kiboya kikatulia, kikatetemeka, kikalala ubavu, kikaanza kutembea polepole kuelekea kwenye matete. Ndiyo saa ya kuinua mkono. Ukisubiri kizame, kitonge kimeshaliwa. Nilimtoa perege mpana kuliko kiganja changu, na kabla jua la utosi halijafika ndoo ya mama ilikuwa imejaa na yangu inafuatia. Wale vijana walikuwa wanarusha na kuvuta, wanarusha na kuvuta. Perege chakula chake ni mwani, majani laini, wadudu wadogo na mabaki yaliyotuama chini. Kukimbizana na samaki wengine si kazi yake, kwa hiyo samaki wa plastiki hamhusu. Yule aliyeniuliza kama nimekuja kununua ndiye aliyekuja kuniomba donge. Nikampa, nikamwonyesha na namna ya kukanda, bila kumgeuzia mgongo. Nilijisikia fahari, na sioni kwa nini niifiche.

Sasa turudi kwako. Muulize baba yako mdogo anawalisha nini. Kama ni pumba za mahindi, kanda ugali na pumba hizo hizo. Kama ni majani ya magimbi au kabichi, kata kipande laini, kikunje kwenye ndoana. Kama ni chakula cha vidonge cha dukani, vilowanishe, vipondeponde na unga wa ngano. Kabla ya kurusha, tupa kiganja kimoja cha chakula hicho kikiwa kikavu ili wakusanyike, lakini kiganja kimoja tu. Ukiwashibisha wewe mwenyewe, umekwisha.

Nyungunyungu si chambo kibaya. Ubaya ni hao wanene unaowatundika wazima. Perege huzaana haraka sana, na bwawa dogo lisipovunwa hujaa samaki wengi waliodumaa. Samaki wa ukubwa wa kiganja cha mtoto atawezaje kumeza nyungunyungu mzima? Atavuta mkia tu. Mkatekate nyungunyungu huyo, tundika kipande cha urefu wa ukucha, uone.

Halafu angalia rangi ya maji. Baba yako mdogo akiwa anatia samadi, maji yatakuwa ya kijani, na ule ukijani ni chakula. Perege anakula kutwa nzima bila kukuhitaji. Kwenye maji ya namna hiyo, chambo chenye harufu kali ya uchachu ndicho kinachomshawishi. Na alfajiri ukiwakuta juu juu wanafungua midomo, usidhani wanaomba chakula. Hewa ya majini imepungua usiku, wanatafuta pumzi. Waache jua lipande.

Tena Mafinga ni baridi. Maji yakishuka chini ya nyuzi 18 hivi, perege anapoteza hamu ya kula, na mwezi Juni na Julai hata ungekuwa na donge la Babu usingefika mbali. Badala ya jioni, nenda saa sita mchana mpaka saa tisa, vua kwenye kina kifupi ambako jua limepasha maji.

Na kuna jambo ambalo ningependa kaka zako walisikie. Perege jike akishataga, anayabeba mayai kinywani mwake, na vifaranga wakianguliwa anaendelea kuwahifadhi humo. Siku zote hizo hagusi chakula. Ukiona vishimo vya mviringo kwenye kingo za bwawa, ndipo madume yanapochimba viota, na ujue sehemu ya samaki wa humo wamefunga midomo. Hakuna chambo kitakachoifungua, cha mwanamume wala cha mwanamke. Mkono wako hauna nuksi. Wanaokuambia hivyo hawajawahi kukaa chini wakalitazama bwawa lao wenyewe, wamekaa kulitazama kosa la mtu mwingine. Uvuvi wa mshipi unadai macho, masikio na adabu mbele ya mwenye mali, na hivyo vyote Mungu hakuvigawa kwa jinsia. Mwenye ujuzi na aufundishe. Mwenye binti na amkatie ufito kama anavyowakatia wa kiume. Mambo mangapi yamezikwa na wazee wetu kwa sababu aliyetaka kujifunza alikuwa amevaa gauni?

Nikiwa bado na hasira niseme na hili. Atatokea mtu akuambie uachane na chambo, utwange utupa, ule mmea wenye sumu ya samaki, umwage bwawani samaki waelee wenyewe. Usithubutu. Utupa unaua mpaka vifaranga, na kuvua kwa sumu kumekatazwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Anayemwaga utupa kwenye bwawa la ukoo amewaibia watoto ambao hawajazaliwa.

Mvua za kwanza zikinyesha na kumbikumbi wakaanza kuruka, weka donge kando. Ng'oa mbawa, tundika kumbikumbi mmoja bila chubwi (kile kizito cha kuzamisha mshipi), mwache aelee. Siku hiyo hata samaki aliyeshiba machicha anapanda juu. Panzi mdogo wa kijani naye anafaa. Kule Bukoba wana senene, ila sijasikia mtu wa kule aliye tayari kumpa samaki senene wake.

Umeuliza pia ufanyeje kama bwawani mna kambale, kwa kuwa baba yako mdogo aliwahi kupandikiza ili wapunguze vifaranga vya perege. Kama wamo, hao wana mambo yao. Kambale macho yake ni madogo, anatafuta kwa sharubu na kunusa, na anatembea zaidi giza likiingia. Yeye mpe huyo nyungunyungu mzima, hata watatu kwenye ndoana moja, namba 4 au 2. Au utumbo wa kuku uliolala siku moja, au ini lililofungwa kwa uzi lisichomoke. Nimeona kambale wakikamatwa hata kwa kipande cha sabuni ya mche. Chambo kilale chini kabisa kwenye matope, na chubwi iwe nzito. Ukitaka kumtumia samaki mdogo kama chambo, mchukue wa bwawa hilo hilo, usilete wa bwawa la jirani ukahamisha na magonjwa.

Usiku usiende peke yako, mwombe baba yako mdogo akusindikize na tochi. Kambale akinasa usimkamate ubavuni, mapezi yake ya mbele yana miiba inayochoma mpaka mkono unavimba. Mfunike kwa kitambaa kilicholowa, mkabe nyuma ya kichwa, ndipo utoe ndoana. Perege wa kwanza atakayepatikana mpelekee mwenye bwawa, na wa pili mpikie mama yako.