Kwa nini mchuzi wangu wa nyama ya kusaga unaacha maji chini ya tambi?

SWALI: Mpishi, habari za kazi. Kila nikipika mchuzi wa nyama ya kusaga wa kulia tambi, nyama inakuwa ya kijivu na ya vipunje vikavu, mchuzi unakuwa mchachu, na nikishapakua, maji yanatuama chini ya sahani huku nyama imekaa juu peke yake. Natumia nusu kilo ya nyama, nyanya nane, kitunguu, karoti na kitunguu saumu. Nimeongeza sukari, nimeongeza na nyanya ya kopo, lakini sioni mabadiliko. Napika kwa dakika 40 hivi. Nakosea wapi?

JIBU: Nzuri, dada, na asante kwa kueleza vizuri. Hilo la maji kutuama chini ya sahani limenipa jibu kabla sijamaliza kusoma. Viungo vyako havina kasoro. Kinachokusumbua ni maji. Yamo kwenye nyama, yamo kwenye kitunguu na karoti, kwenye nyanya ndiyo yamejaa tele, na kwa namna unavyopika hayapati nafasi ya kutoka.

Tuanze na nyama, maana mchuzi huharibikia hapo. Zaidi ya nusu ya uzito wa nyama ya kusaga ni maji. Ukimimina nusu kilo yote kwa mpigo ndani ya sufuria nyembamba, joto linashuka ghafla, maji yanatoka kwa kasi kuliko yanavyoweza kukauka, na nyama inaanza kuchemka ndani ya maji yake yenyewe. Maji yanayochemka hayapandi zaidi ya nyuzi 100 za Selsiasi. Ile rangi ya kahawia na harufu inayomtoa mtu mate huanza kuja vizuri kwenye nyuzi 140 hivi, pale asidi za amino za nyama zinapokutana na sukari. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyelieleza jambo hilo mwaka 1912. Kwa hiyo, maadamu kuna maji kwenye chombo, rangi haiji. Nyama itaiva, lakini itaiva kijivu.

Chukua kikaango kipana chenye kitako kizito. Panguse nyama kwa taulo la karatasi ili unyevu wa nje upungue. Weka kijiko kimoja cha mafuta, acha yapate moto sawasawa, kisha weka nusu ya nyama tu. Itandaze, ibonyeze kwa mwiko ikae bapa, halafu usiiguse. Najua mkono unawasha kukoroga, lakini subiri na utege sikio. Mwanzoni utasikia mlio mzito na kuona mvuke mwingi ukipanda. Hayo ni maji. Baada ya dakika chache mvuke unapungua na mlio unabadilika, unakuwa mwembamba, wa kupasukapasuka. Hapo maji yamekwisha, na sasa ni mafuta yanayokaanga. Nyanyua ukingo mmoja kwa mwiko: chini patakuwa pameshika kahawia iliyokolea. Geuza, vunjavunja mabonge makubwa, kisha toa uweke kando. Rudia na nusu iliyobaki.

Upande mmoja ukishakolea, inatosha. Anayekaanga mpaka kila punje iwe kahawia anaikausha nyama yote, na ndiyo maana unapata vile vipunje vinavyotafunika kama mchanga. Ladha ya huo upande mmoja itaenea sufuria nzima. Na ule ukoko unaoganda chini ya kikaango usiukwangue ukautupa, tutauhitaji sasa hivi.

Nyama yenyewe pia ina neno. Tafuta yenye mafuta asilimia 15 hadi 20, ya bega, shingo au kifua. Hizo ni sehemu za mnyama zinazofanya kazi sana, kwa hiyo zina kolajeni nyingi (ile protini ngumu inayoshikilia misuli), na kolajeni ikipata moto mdogo kwa muda mrefu huyeyuka ikawa jelatini. Jelatini ndiyo inayoupa mchuzi ule uzito wa kunata midomoni. Nyama isiyo na mafuta kabisa haiwezi kukupa hicho, hata uihudumie vipi. Kama anayekuuzia ana mashine yenye tundu kubwa, mwombe asagie hilo.

Kwenye mafuta yaliyobaki kikaangoni, tia kitunguu na karoti vilivyokatwa vidogo sana, na seleri ukiwa nayo, pamoja na chumvi kidogo ya kuvuta maji. Moto mdogo, dakika 10 hadi 15, mpaka vilegee kabisa. Hatua hii usiiruke, kwa sababu asidi ya nyanya huzuia mboga kulainika. Karoti iliyokutana na nyanya ikiwa bado ngumu inaweza kupikwa saa nzima na bado ikakataa meno. Kitunguu saumu kiingie dakika ya mwisho. Huungua upesi na huacha uchungu usiofutika.

Sasa nyanya ya kopo. Nahisi unaitia pamoja na nyanya mbichi, ikiogelea. Itie kabla, ikutane na mafuta moja kwa moja, uikaange dakika mbili tatu mpaka wekundu wake mkali ugeuke rangi ya tofali na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Ndipo umwage nusu kikombe cha supu ya nyama au maji (wanaotumia divai huitia hapa), ukwangue ule ukoko mpaka wote uyeyuke, kisha urudishe nyama.

Nyanya nane kwa nusu kilo ni nyingi mno, dada. Hata huko Bologna, Italia, mji ambao mchuzi huu, unaoitwa bolognese, umechukua jina lake, nyanya si mfalme wa sufuria. Mwaka 1982 chama cha Accademia Italiana della Cucina kilisajili pishi lake katika chemba ya biashara ya mji huo, na kiasi cha nyanya kilichoandikwa ni vijiko vitano tu vya rojo. Wao huhesabu kuwa wanapika nyama iliyoguswa na nyanya. Si lazima uwafuate kwa kila kitu, ila shuka hadi nyanya tatu au nne zilizoiva hasa, uzimenye, uzitoe mbegu na yale maji ya ute, ubaki na mnofu.

Ukifanya hivyo, sehemu kubwa ya uchachu itakuwa imeondoka yenyewe. Sukari haiondoi asidi, inaufunika tu uchachu, na ndiyo maana mchuzi wako unakuwa mchachu na mtamu kwa wakati mmoja. Ukionja mwishoni ukakuta bado unakereketa, chukua magadi ya kuokea (baking soda), chini ya robo kijiko cha chai kwa sufuria nzima, ukoroge. Utaona povu likipanda. Hiyo ni asidi inayovunjwa. Usizidishe, mchuzi utanukia sabuni. Lakini mimi napendelea zaidi maziwa, kama wafanyavyo Bologna: nusu kikombe, nyanya ikishakauka na moto ukiwa mdogo. Mafuta na protini za maziwa hutuliza ukali, na mchuzi unakuwa mpole.

Dakika 40 hazitoshi. Hesabu saa mbili, tatu zikipatikana, mfuniko ukiwa umeegeshwa ili mvuke upate njia. Moto uwe mdogo kiasi kwamba kipovu kimoja kinapanda hapa, kingine kinapasuka pale. Ukiona unakauka kabla ya wakati, ongeza supu kidogo kidogo. Mpishi aliyenifundisha kazi hakuwa anatazama saa. Alikuwa akipitisha mwiko katikati ya sufuria mpaka chini: mchuzi ukirudi na kuziba njia papo hapo, anasema bado. Njia ikibaki wazi kidogo, kitako cha sufuria kikaonekana, halafu mchuzi ukajikusanya polepole na mafuta mekundu yakang'aa pembeni, anazima jiko. Nimepika miaka mingi tangu hapo na sijapata kipimo kinachokishinda hicho.

Limebaki la sahani. Mchuzi unaweza kuwa mzuri na bado ukaachana na tambi, kwa sababu umepika vitu viwili na kuvikutanisha mezani. Chemsha tambi kwenye maji mengi yenye chumvi, gramu 10 hivi kwa kila lita, na uzitoe dakika mbili kabla hazijaiva. Usizisuuze. Kabla ya kuchuja, teka kikombe kimoja cha yale maji meupe. Yana wanga, na wanga ndio unaounganisha mafuta na maji visitengane. Mimina tambi ndani ya mchuzi ulio motoni, ongeza maji yale vijiko vichache, ugeuzegeuze kwa dakika moja au mbili mpaka kila tambi ivae mchuzi. Kama unaweza kuchagua, chukua tambi pana, au zile za mrija zenye mifereji. Spageti nyembamba huteleza na kuiacha nyama nyuma.

Pika mwingi, kwa sababu kesho yake huwa mtamu zaidi. Ugawe kwenye vyombo vifupi upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa mbili, na uule ndani ya siku tatu au nne. Kwenye friza utakaa miezi mitatu bila kupoteza ladha. Wakati wa kupasha, utakuwa umeganda kama jeli. Usishtuke, ni ile jelatini. Utie vijiko viwili vya maji, uupashe mpaka uchemke.

Na kama huwezi kubadilisha yote kwa siku moja, wiki hii anza na kukaanga nyama kwa mafungu mawili, kisha uniandikie ulisikia nini pale mlio ulipogeuka.