Giza likirudi na bado unakunywa

Sisi wa mialo ya dagaa ya Ziwa Victoria, kuanzia Igombe hadi visiwa vya Ukerewe, tuna kalenda yetu. Usiku wa giza mitumbwi iko ziwani na dagaa wanafuata taa. Mbalamwezi ikikolea taa haifui dafu, wavuvi wanapumzika, na pesa ya giza zima iko mfukoni. Hapo ndipo watu wanakunywa. Ukimuuliza mtu wa kambini kama pombe imemkamata, atakwambia anakunywa mbalamwezi tu, kama wenzake. Hata mimi nilikuwa najibu hivyo, na nilikuwa naamini.

Ndugu yangu, usijipime kwa mbalamwezi. Siku hizo aliyenaswa na asiyenaswa wanafanana kabisa. Jipime giza linaporudi. Mwenzako anaacha glasi mezani anaenda kushona wavu. Wewe je? Unatafuta sababu ya kubaki, au unaficha kichupa ndani ya koti la mvua unapanda nacho mtumbwini, na ziwa hili unalijua?

Kazi yangu ilikuwa daftari la tajiri: ndoo za dagaa, lita za mafuta, posho za mabaharia. Ikafika wakati asubuhi mkono unatetemeka hadi tarakimu hazisomeki. Nikimeza funda mbili za gongo, mwandiko unanyooka. Wenzangu waliniambia ni kuzimua tu, kila mtu anazimua. Lakini aliyezidisha jana huumwa kichwa, na mara nyingi harufu tu ya pombe inamtia kichefuchefu. Ukiona unatokwa jasho, moyo unakwenda mbio, mikono inacheza, kisha vyote vinatulia ukishakunywa, huo ni mwili uliokwisha kuizoea pombe na sasa unaidai.

Dalili nyingine hujificha ndani ya sifa. Kambini wanasema, "Huyu ana kichwa, halewi." Nilifurahia sana kuambiwa hivyo. Kumbe kuhitaji chupa nyingi ili upate kile ulichokuwa ukikipata kwa moja ni dalili mojawapo ya uraibu.

Halafu kuna hofu. Viroba, zile pombe kali za vifuko vya plastiki, vilipopigwa marufuku, tarehe 1 Machi 2017, wapo waliokasirika siku mbili wakaendelea na maisha. Mimi niliingiwa na hofu kama mtu aliyeambiwa maji ya kunywa yatakatwa, nikazunguka mtaa wa Kirumba, Mwanza, nikiuliza nani bado ana kiroba. Chunguza moyo wako pombe inapokosekana, kwa sababu huko ndiko nilikojiona waziwazi kuliko siku yoyote ya kulewa.

Shirika la Afya Duniani lina maswali 10 ya kujipima, yenye alama kuanzia 0 hadi 40. Kuanzia alama 8, unywaji wako unahitaji kuangaliwa. Mojawapo linauliza kama umewahi kuhitaji kunywa asubuhi ndipo uweze kuendelea. Lingine linauliza kama ndugu, rafiki au daktari amewahi kuingiwa na wasiwasi. Hili la pili tunalipuuza sana. Mama watoto akikuuliza kwa upole na wewe ukamfokea kabla hajamaliza sentensi, ulichokifokea ni nini?

Kwa wanaotumia unga, yaani heroini, kipimo ni kilekile, ila arosto, yale mateso ya kuukosa, ina sura yake: miayo, mafua, kuharisha, mifupa kuuma. Tiba ya methadone, dawa inayotuliza arosto hiyo, ipo nchini tangu 2011, ilipoanza Muhimbili, na imeshafika mikoa mingine. Ulizia hospitali ya mkoa.

Ukishajitambua, tafadhali usikate pombe ghafla ukiwa peke yako kisiwani, hasa kama unatetemeka asubuhi. Degedege inaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo, siku ya pili au ya tatu. Watu hufa kwa hilo, na pembeni watu wanasema amerogwa. Panda kivuko uende hospitali na mtu unayemwamini, Bugando au iliyo karibu nawe. Daktari akiuliza unakunywa kiasi gani, mtajie kiasi chenyewe, usipunguze, maana dawa ya kuutuliza mwili ataipima kwa jibu hilo. Na huyo uliyekwenda naye aingie nawe ndani, asibaki kwenye benchi, kwani mara nyingi ndiye anayekumbuka mambo ambayo wewe huyakumbuki.