Ngozi Ikilegea: Maswali Kutoka Nyakato Hadi Ukerewe

Barua za mwezi huu kutoka mkoa wa Mwanza zimekuja na jambo moja kwa sura nyingi: ngozi ya mwili iliyolegea inarudi, na kwa njia gani? Tumechagua saba. Baadhi tumezifupisha.

*Nina miaka 52. Mwaka jana nilipungua kutoka kilo 88 hadi 70. Sasa nikimpungia mtu mkono, nyama ya nyuma inabaki ikicheza peke yake. Nimepaka krimu ya kukaza ngozi miezi mitatu, kopo la tatu hili, sioni kitu. Nihamie aina gani? – Mama wa Nyakato*

Hongera kwa kilo 18, mama. Kopo la nne usinunue kwanza. Simama mbele ya kioo, legeza mkono, kisha binya nyama ya nyuma, katikati ya bega na kiwiko, kwa kidole gumba na cha shahada. Ukishika mkunjo mwembamba kama kitenge kilichokunjwa, hiyo ni ngozi tupu. Ukishika tonge nene la sentimita mbili au zaidi, bado yamo mafuta. Halafu nyoosha mkono na uukaze: kama husikii msuli ukijitokeza chini ya vidole, msuli umesinyaa, na ngozi imekosa cha kuegemea. Wanawake wengi wa umri wako waliopungua kwa kula kidogo tu, bila mazoezi, hukuta mambo yote matatu kwa pamoja.

Ngozi husimama kwa nyuzi za kolajeni na kurudi ikivutwa kwa nyuzi za elastini. Nyuzi hizi ziko tabaka la ndani. Baada ya hedhi kukoma, kolajeni hupungua kwa kasi, karibu asilimia 30 katika miaka mitano ya mwanzo. Ukijumlisha miaka ambayo kilo 88 zilikuwa zikiivuta, ni kama lastiki ya sketi iliyovaliwa sana. Krimu nyingi za kukaza huishia tabaka la juu: zinaweka unyevu, ngozi inajaa kidogo, jioni imerudi ilivyokuwa. Krimu haijakudanganya kuhusu unyevu. Imekudanganya kuhusu kukaza.

Kitu unachoweza kukijenga ni msuli. Msuli wa nyuma ya mkono ni karibu theluthi mbili ya misuli yote ya mkono wa juu, kwa hiyo ukinenepa, ngozi iliyoning'inia inapata mto. Fanya siku mbili au tatu kwa wiki, ukiruka siku moja katikati:

Pushapu za ukutani. Simama hatua moja na nusu kutoka ukutani, viganja usawa wa kifua, vikaribiane kuliko upana wa mabega. Shuka ukihesabu tatu, viwiko vikielekea chini karibu na mbavu. Viwiko vikitanuka kama mabawa ya kuku, kazi inahamia kifuani na bega linaumia. Mara 10 hadi 12, pumzika dakika moja na nusu, rudia hadi zitimie raundi tatu. Ukutani kukiwa rahisi, hamia kwenye meza nzito isiyoteleza.

Chupa juu ya kichwa. Chupa ya maji ya lita moja na nusu ni kilo moja na nusu. Ishike kwa mikono miwili, inyanyue juu, ishushe polepole nyuma ya kichwa viwiko vikitazama mbele, kisha nyoosha. Ikizoeleka, mwaga maji ujaze mchanga mkavu. Chupa ileile itakaribia kilo mbili na nusu.

Kuvuta. Inama kidogo, mkono mmoja kwenye kiti, mwingine uvute dumu la lita tano hadi kwenye nyonga. Anza likiwa nusu. Usibane pumzi, hasa kama una presha.

Kosa tunalolikuta mara nyingi ni uzito mwepesi mno unaorushwa mara mia. Marudio mawili ya mwisho lazima yawe magumu. Yasipokuwa magumu, ongeza uzito. Nguvu utaisikia baada ya wiki chache, umbo baada ya miezi mitatu. Ngozi ya ziada haitaisha yote, ila haitaning'inia kama sasa, na blauzi ya mikono mifupi itavalika.

Msuli haujengwi kwa ugali na mlenda pekee. Lenga gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito; kwa kilo 70 ni gramu 70 hadi 84 kwa siku. Mayai mawili na kikombe cha maziwa asubuhi ni kama 20. Mchana kikombe cha maharage yaliyoiva (15) na dagaa wakavu gramu 30 (wengine 15). Usiku kipande cha sato cha gramu 100 baada ya kupikwa ni kama 26. Umefika. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii bila daktari wake.

*Mabondo ya sangara yanauzwa ghali kwa Wachina, tunaambiwa wao huyala yakaze ngozi. Sisi tulio karibu nayo tuyale? Na hii kolajeni ya unga ya kwenye makopo? – Msomaji, Igogo*

Bondo, kile kifuko cha hewa cha ndani ya samaki, kweli limejaa kolajeni, sawa na makongoro na ngozi ya samaki. Lakini tumbo halijui ulikula ulichokula kwa ajili ya shavu. Hukikata vipande vidogo, na mwili hupeleka vipande hivyo panapohitajika. Kolajeni ya unga iliyokatwa tayari imepimwa, gramu 2.5 hadi 10 kwa siku kwa wiki 8 hadi 12, na baadhi ya vipimo vilionyesha ngozi kuwa na unyevu na mnyumbuko zaidi kidogo. Vingi vililipiwa na wanaoiuza. Ukiwa na hela ya ziada haitakudhuru. Ukiwa huna, hukukosa dawa. Mabondo uza, nunua sato na mapera. Mwili hauwezi kusuka kolajeni bila vitamini C, na pera moja la wastani linamaliza mahitaji ya siku nzima.

*Naanika dagaa tangu nikiwa binti, sasa nina 47. Uso, shingo na mikono vimekunjamana kunizidi dada yangu mwenye 55 anayekaa ofisini. Nilidhani ngozi nyeusi haihitaji krimu ya jua. – Wa Igombe*

Jaribu hili: linganisha ngozi ya nyuma ya kiganja chako na ile ya ndani ya mkono, karibu na kwapa. Zote zina miaka 47. Tofauti unayoiona ni jua.

Weusi wa ngozi unakinga kweli, inakadiriwa sawa na SPF 13 (kipimo cha kinga ya jua) kwa ngozi nyeusi sana, lakini miale inayoingia ndani na kukata kolajeni haiunguzi wala haiumi, ndiyo maana hamkuistukia. Mwanza iko karibu nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, na uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kila mita 1,000 unazopanda, miale huongezeka kwa karibu asilimia 10. Mchanga mkavu unarudisha kama asilimia 15 kutoka chini, kwa hiyo mwanikaji anayeinama hupigwa hata chini ya kofia. Mawingu mepesi yanapitisha sehemu kubwa.

Kitambaa kwanza, krimu baadaye. Kofia yenye ukingo wa sentimita saba au zaidi, mtandio unaoziba shingo, mikono mirefu ya kitambaa kilichofumwa kwa kubana (kiinue kwenye mwanga, ukiona upande wa pili, jua nalo linaona). Kugeuza dagaa kukiwezekana kufanywe kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa kumi jioni. Ninyi mnajua wingu likitanda hakuna ratiba, basi hapo ndipo krimu inaingia: SPF 30 au zaidi, iwe inakinga miale yote miwili, UVA na UVB. Kwa uso na shingo kamua mistari miwili, urefu wa kidole cha shahada na cha kati. Wengi hupaka robo hadi nusu ya hiyo, halafu wanasema haifanyi kazi. Rudia kila saa mbili, na kila ukifuta jasho. Ikikuachia weupe kama majivu, tafuta yenye rangi ya ngozi.

Mikunjo iliyopo inaweza kupunguzwa na tretinoini ya asilimia 0.025, kwa cheti cha daktari. Osha uso usiku, subiri dakika 20 ukauke kabisa, paka kiasi cha punje ya njegere uso mzima ukiepuka kope na pembe za mdomo, kisha losheni. Usiku mbili kwa wiki mwezi wa kwanza, ndipo uongeze. Wenye haraka hupaka kila siku, ngozi inababuka, na kwa ngozi yetu mbabuko huacha madoa meusi ya miezi kadhaa. Matokeo ni baada ya miezi mitatu hadi sita. Mjamzito, au anayetafuta mimba, asiiguse.

*Nimetumia mkorogo miaka tisa. Mikononi ngozi imekuwa kama karatasi, mishipa inaonekana, nimepata michirizi mapajani. Nikiacha nakuwa mwekundu na kuwashwa, narudia. – Nisitajwe, Mwanza*

Dada, huku si kuzeeka. Mikorogo mingi huchanganywa na krimu za steroidi kama klobetasoli na betamethazoni, dawa nzuri zikitumika wiki mbili kwa ugonjwa wa ngozi. Kwa miaka, huzizuia seli zinazotengeneza kolajeni: ngozi inakonda, inachanika kwa ndani (hiyo ndiyo michirizi), na ikigongwa kidogo inavilia damu.

Wekundu na muwasho ukiacha ni ngozi iliyozoea steroidi. Kuirudia kunaipa nafuu ya siku mbili na kukurefushia kifungo. Usiache ghafla peke yako kama umepaka mwili mzima kwa miaka, kwa sababu steroidi huingia mwilini na zinaweza kuzilaza tezi zako. Kizunguzungu, kutapika na uchovu mkali baada ya kuacha ni vya kukimbizwa hospitali. Nenda kwa daktari wa ngozi, uende na kopo lenyewe, hata kama ni chupa isiyo na jina kutoka kwa mchanganyaji. Atakupangia kushuka hatua kwa hatua. Paka mafuta mazito yasiyo na manukato mara mbili kwa siku na ujikinge na jua.

Unene wa ngozi unaweza kurudi kwa sehemu katika miezi mingi. Michirizi itafifia rangi, haifutiki. Kwenye makopo ya madukani ogopa haidrokwinoni na zebaki (huandikwa pia Hg), ambayo huharibu figo. Zote mbili zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Tangu 2019 msimamizi wa vipodozi ni Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na huko ndiko pa kupeleka taarifa ya duka linaloviuza.

*Nina 39, mtoto wa nne ana miezi mitano. Mama mkwe ananikanda kwa maji ya moto na kunifunga kanga tumbo lirudi. Halirudi. – Buzuruga*

Msalimie mama mkwe. Maji ya moto yanastarehesha misuli iliyochoka lakini hayakazi ngozi, na wauguzi wanaona wanawake walioungua tumbo, hasa wenye mshono wa upasuaji ambao sehemu hiyo imekufa ganzi. Kanga ifungwe ya kushikilia mgongo tu. Ikikubana hadi huvuti pumzi vizuri, mgandamizo unasukumwa chini kwenye nyonga, na mkojo unaovuja ukikohoa utazidi.

Lala chali, kunja magoti, weka vidole juu ya kitovu, inua kichwa. Vikizama vidole zaidi ya viwili, misuli imeachana, na hilo ndilo linalofanya tumbo litokeze. Achana na kuinuka-inuka kwa kukunja tumbo kwa sasa. Ukiona kati kunatuna kama paa la hema, unalizidisha. Badala yake, ukiwa umelala vilevile, toa pumzi ukivuta kitovu kuelekea mgongoni, telezesha kisigino kimoja mbele taratibu, rudisha. Mara 10 kila mguu, kila siku. Ngozi yenyewe ipe mwaka. Uvimbe laini unaouma au usiorudi ndani ukilala huenda ni ngiri: hospitali.

*Nina 61, mvuvi. Miezi minne hii ngozi imelegea mapajani na tumboni, suruali zinanidondoka, ingawa nakula vizuri. Nipake nini? – Ukerewe*

Shikamoo mzee. Usipake kitu. Mtu anayepungua bila kukusudia hatibiwi ngozi. Nenda kituo cha afya wiki hii upimwe sukari, virusi vya UKIMWI, na makohozi kama umekohoa wiki mbili au zaidi. Waambie kama una kiu sana, unakojoa mara nyingi usiku, unatoka jasho linalolowesha shuka, moyo unakwenda mbio, au choo kimebadilika.

*Upasuaji wa kukata ngozi ya ziada ukoje? – Wawili, Ilemela na Sengerema*

Ndiyo njia pekee inayoondoa ngozi nyingi iliyobaki baada ya kupungua sana. Mashine za kupasha ngozi joto hutoa mabadiliko madogo, kwa vipindi kadhaa, kwa ngozi iliyolegea kidogo tu. Uzito uwe umetulia angalau miezi sita, sigara ziwe zimeachwa wiki nne kabla, na uzazi uwe umekamilika kama ni tumbo. Wakati unasubiri, kausha mikunjo vizuri kila ukioga. Ikiwa na wekundu na harufu, mara nyingi ni fangasi, na klotrimazoli ya asilimia 1 mara mbili kwa siku kwa wiki mbili hadi nne huwatoa.

Unabadilisha ngozi kwa kovu: tumboni linatoka nyonga hadi nyonga, mkononi kutoka kwapa hadi kiwiko. Kwa watu weusi kovu linaweza kuota keloidi. Angalia lile la chanjo begani na matundu ya hereni. Likiwa limevimba na kutanuka kupita jeraha lenyewe, mwambie daktari kabla hajashika kalamu ya kukuchora.