Barua kwa mwanangu: niliuona ule msumari

Mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu. Unasema umeitazama ile filamu ya Kipoland, Ciało, yaani Mwili, ya Małgorzata Szumowska, na ulipoizima ukabaki na swali moja: "Baba, wakati ule ulikuwa unaona kwamba sili, au ulikuwa huoni?" Nami nimeitafuta nikaitazama, ili tuwe tunazungumzia kitu kimoja.

Nilikuwa naona.

Nianze na msumari, maana sijawahi kukuambia. Ilikuwa yapata miezi minne tangu tumzike mama yako. Nilikuta msumari juu ya meza ya jikoni, na pembeni yake chembechembe za ngozi ya kahawia. Mkanda wako ulikuwa umening'inia kwenye kiti. Baada ya matundu yake ya kawaida kulikuwa na tundu jingine, limekwenda upande, halafu jingine tena. Huhitaji kusomea udaktari ili kuelewa mkanda. Nikauchukua msumari nikaurudisha kwenye boksi la vifaa, nikapangusa meza. Ulipotoka chumbani nikakuuliza kama umelala vizuri.

Watu waliokuja kutupa pole walishaniambia kwamba mfiwa hukosa hamu ya kula, na kwamba itapita. Nililishika neno hilo kwa mikono miwili kwa sababu lilinifaa. Mimi mwenyewe nilikuwa nakula usiku, nimesimama mbele ya friji iliyo wazi, sijui hata ninachotafuna. Kwa hiyo tulikuwa wawili tulioharibikiwa na chakula mle ndani, ila aliyekonda alikuwa mmoja.

Ndiyo maana yule baba wa kwenye filamu amenichoma. Ni mwendesha mashtaka wa Warsaw, kazi yake inamkutanisha na maiti kila mara, na anazitazama kama mtu anayesoma mita ya maji. Lakini mwili wa binti yake Olga, anayejinyima chakula tangu mama yake afariki, uliomo humo humo nyumbani mwake, hajui auangalie vipi. Janusz Gajos anamwigiza baba huyo bila kukunja uso, na mimi nilijiona pale pale. Yule Anna je, mtaalamu anayemtibu Olga, aliyefiwa na mtoto wake na anayeamini kwamba wafu humletea ujumbe? Wewe umemcheka, naona. Mimi sikumcheka. Mwaka ule angetokea mtu yeyote na barua ya mama yako, ningempokea.

Sasa sababu yenyewe. Unakumbuka wiki za mwisho za mama yako hospitalini, lakini hukuwepo kila saa ya mlo. Aliacha kula. Mimi nikawa namlazimisha. Nilikuwa napeleka kijiko, yeye anafumba midomo, nampigia magoti, nabembeleza, siku nyingine nafoka. Siku moja akausukuma mkono wangu, uji ukamwagika kifuani pake, akaniangalia tu. Siku ile niliapa kwamba sitamlazimisha binadamu mwingine kula. Ulipoanza kusogeza chakula pembeni ya sahani, mimi niliona mkono wa mama yako. Nikanyamaza, na ukimya wangu nikauita heshima.

Kisha ukaanguka bafuni. Hapo sina la kuongeza.

Pale wodini nilimwambia daktari wampe mtoto chakula kingi, basi yaishe. Akanikalisha chini. Akasema mwili ulioshinda na njaa muda mrefu ukijazwa ghafla, madini ya kwenye damu, hasa fosfeti, hushuka, na moyo unaweza kushindwa. Ndiyo maana walianza na kidogo na kukupima damu kila wakati. Nilikuwa tayari kukuua kwa upendo.

Ni yeye pia aliyenisimulia habari ya wale vijana 36 wa Minnesota, Marekani. Mwaka 1944 walijitolea, wakiwa na afya njema, wapunguziwe chakula kwa karibu miezi 6 ili wanasayansi wajue namna ya kuwasaidia watu walioshindishwa njaa na vita. Si kwamba walikonda tu. Waliota chakula, walisoma vitabu vya mapishi kama riwaya, waliukatakata mlo vipande vidogo ili uchukue muda, walijitenga na kuwa wakali. Mimi nilikuwa nakuona ukikata mkate vipande vidogo kama kete, nikasema moyoni ni ukaidi huu. Kumbe sehemu ya yale ilikuwa njaa yenyewe inasema. Huzuni ilifungua mlango, njaa ikaingia ikakaa.

Halafu akanipa kazi: nikae nawe mezani, mara tatu kwa siku, usiondoke mpaka umalize. Alisema ni njia iliyokuzwa London miaka ya 1980, wazazi wenyewe kushika usukani wa mlo. Mimi, na kiapo changu. Nilitoka nje, nikasimama kwenye ngazi kwa muda mrefu kabla ya kurudi kumwambia sawa.

Filamu inaishia mezani pia. Baba, binti na Anna wamekaa usiku kucha kuisubiri roho ya marehemu mama yake Olga, kunapambazuka, Anna anakoroma, na wale wawili wanatazamana wanaanza kucheka. Nimeipenda, na nimeionea wivu. Meza yetu haikuwa na kicheko. Mlo mmoja ulikula saa nzima na dakika hamsini. Ulilia, ukaniita majina ambayo sitayaandika, na sahani moja tuliizika kwenye pipa la taka ikiwa vipande.

Ila kuna siku moja, sijui kama unaikumbuka. Nilikuwa nimekaa mbele yako kama askari, macho kwenye kijiko chako. Ukasema, "Baba, acha kunitazama. Kula chako." Nikaangalia chini. Sahani yangu ilikuwa haijaguswa, na nadhani haikuwa imeguswa kwa majuma. Nikala, kimepoa, chote.

Sikuona kama wewe ulimaliza chako siku ile. Ulimaliza?

Baba yako