Kwa nini laini moja ikitripu nchi nzima inazima, na kwa nini kuwasha upya kunachukua saa nyingi

Mkuu umeuliza: mitambo ni mingi na mabwawa yamejaa, inakuwaje laini moja ikitripu (ikijikata yenyewe) Gridi ya Taifa nzima inaanguka? Na kwa nini umeme haurudi hapo hapo? Wachangiaji wengi wamekimbilia kuhesabu megawati. Megawati mara nyingi zipo. Kinachokosekana ni sekunde.

Gridi haina ghala. Kinachozalishwa sasa ndicho kinachotumika sasa, na kipimo cha uwiano huo ni frikwensi, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, ambayo kwetu Tanzania ni Hz 50. Mzigo (umeme unaotumika) ukizidi uzalishaji, mashine zote zilizoungana hupungua mwendo kwa pamoja, za Kidatu na Mtera sawasawa na za gesi pale Ubungo.

Piga hesabu. Kila mtambo wa Bwawa la Nyerere ni MW 235. Tuseme ni saa tisa usiku, mashine zilizowashwa zina jumla ya MVA 1,500 (kipimo cha ukubwa wa mashine, kinachokaribiana na MW), na nguvu iliyomo kwenye mzunguko wa vyuma vyake ingeweza kubeba uwezo huo wote kwa sekunde nne tu. Mtambo mmoja wenye mzigo kamili ukitripu, au laini inayobeba umeme wake ikitripu, frikwensi huanza kushuka kwa karibu Hz 1 kila sekunde. Bila kitu cha kuizuia, ndani ya sekunde mbili na nusu uko Hz 47.5, eneo ambalo mitambo mingi hujitoa yenyewe kulinda mapanga yake. Hakuna binadamu anayeweza kupiga simu kwa kasi hiyo. Kila kitakachookoa gridi lazima kiwe kimepangwa kabla.

Kinga ya kwanza ni gavana ya mtambo, yaani kidhibiti cha mwendo wake. Ikiwa imewekwa asilimia 4 (yaani frikwensi ikishuka asilimia 4, sawa na Hz 2, mtambo uongeze uwezo wake wote), frikwensi ikishuka Hz 1 mtambo unatakiwa kuongeza nusu ya uwezo wake. Lakini mtambo unaoendeshwa kwa asilimia 100 hauna cha kuongeza, na gavana iliyofungwa ili mtambo "utulie" haisaidii yeyote. Mitambo ya maji ina tabia yake pia: milango ikifunguka ghafla, presha ya maji hushuka kwanza, kwa hiyo nguvu hupungua kidogo kabla ya kupanda. Ndiyo maana akiba ya MW 200 iliyowekwa kwenye mtambo mmoja haifanani na MW 200 zilizogawanywa kwenye mitambo minane. Mimi ningechagua minane kila siku, hata kama maji yanatumika kwa ufanisi mdogo kidogo.

Kinga ya pili ni relei (vifaa vya ulinzi vinavyojiendesha) za frikwensi ya chini, zinazokata fida (njia za kusambaza umeme kwa wateja) za kV 33 kwa awamu: mfano Hz 49.0, kisha 48.8, kisha 48.6, kila awamu chini ya nusu sekunde. Hapa ndipo panapoharibika sana. Orodha ya fida iliandikwa miaka iliyopita. Fida iliyohesabiwa MW 20 usiku ina MW 6, relei inafanya kazi yake na bado haitoshi. Au fida zimetolewa kwenye orodha moja baada ya nyingine kwa maombi maalumu, mpaka awamu imebaki jina. Orodha hiyo ipimwe kwa mzigo halisi wa usiku na wa mchana, angalau kila robo mwaka.

Kenya wamelipitia hili hadharani. Tarehe 6 Septemba 2024 laini ya kV 220 ya Loiyangalani ilitripu pale kituo cha Suswa ikiwa na MW 288 za upepo, kisha njia ya kutoka Ethiopia nayo ikajitoa ikiwa na MW 200. Jumla MW 488, zaidi ya robo ya mzigo wa nchi. Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma moja pale kituo cha umeme cha Gitaru. Mashine nyingine za kituo zikazidiwa, zikapotea zaidi ya MW 180, na nchi ikazima. Kanuni ya dispacha (anayeongoza mitambo na laini za gridi) ni kwamba usiruhusu tukio moja libebe zaidi ya kile ambacho akiba na relei zinaweza kumeza. Usiku mzigo ukiwa mdogo, hata mtambo mkubwa wenye afya nzuri unapaswa kupunguzwa.

Volteji nayo ina mtego wake. Laini ya kV 400 ya kilomita 200 isiyo na mzigo huzalisha yenyewe karibu MVAr 110 hadi 120, yaani nguvu isiyofanya kazi yoyote ila inapandisha volteji. Ukikata fida nyingi kwa mpigo, laini zinabaki nyepesi, volteji inapaa, na mitambo iliyonusurika frikwensi inatripu kwa volteji. Riakta (vifaa vya kunyonya nguvu hiyo) ziwe tayari muda wote.

Sasa kuwasha upya. Unaanza na kituo cha maji chenye jenereta ya dizeli au betri za kutosha kufungua milango na kuamsha sumaku ya mashine. Kabla ya hapo, breka zote (swichi kubwa za umeme) kwenye vituo vya kupoza umeme zifunguliwe, yaani ziwe zimekata. Ikisahaulika moja, mtambo unaangukiwa na mji mzima. Kisha unapandisha volteji polepole, unatia umeme laini fupi kabla ya ndefu, na unaongeza mzigo kwa vipande vya asilimia 5 hivi ya uwezo wa mtambo, ukisubiri frikwensi itulie kila mara. Kuunganisha visiwa viwili (vipande vya gridi vilivyowashwa kila kimoja peke yake), tofauti ya frikwensi iwe chini ya Hz 0.1 na pembe ya volteji (jinsi mawimbi ya umeme ya pande mbili yalivyopishana) iwe ndogo. Ukifunga breka (kuunganisha) nje ya hapo unaweza kupinda shafti ya mashine.

Na kila fida inarudi nzito kuliko ilivyoondoka, kwa kuwa friji na viyoyozi vyote vinaanza pamoja. Fida ya MW 6 inaweza kudai 10 kwa nusu saa ya kwanza. Kwa hiyo umeme ukikatika kwako, zima friji na kiyoyozi ukutani, na ukirudi subiri dakika 15 kabla ya kuwasha.