Kijana anakariri muziki ukilia masikioni: yaliyonipata na mpwa wangu

Dada, umesema kijana wako wa Kidato cha Tatu hafungui kitabu bila vipokea sauti masikioni, anaapa kwamba muziki ndio unaomshikisha masomo, na unauliza kama umnyang'anye. Vita hivyo nimevipigana miaka miwili na mpwa wangu hapa mtaani Umoja, Nairobi, na mwanzoni nilikuwa upande wake. Mimi mwenyewe nilisomea mtihani wa Kidato cha Nne rumba ya Kongo ikilia redioni, nikapita. (Nilipita vipi, tuyaache.)

Jioni moja nikaketi naye mezani. Alikuwa anakariri ile orodha ya metali, potasiamu, sodiamu, kalsiamu, hadi shaba. Midomo inacheza, nikafurahi. Kumbe inaimba kiitikio! Kalamu ilikuwa imesimama kwenye magnesiamu tangu nikae.

Nikamwambia funga kitabu, tujaribu kitu. Namwonyesha tarakimu nane kwenye karatasi, nazifunika, tunangoja sekunde kumi, anaziandika kwa mpangilio. Mara kumi kukiwa kimya, mara kumi na wimbo anaoupenda, mara kumi na gitaa tupu. Kimya alipatia zote mara nane kati ya kumi, gitaa mara saba, wimbo mara nne. Akateta: "Anko, huo ni wa Sheng, lazima niufuate. Weka wa Lingala, sielewi hata neno." Nikaweka. Akapatia mara tano.

Ya mtoto mmoja na mjomba wake si utafiti, najua, kwa hiyo nikaenda kusoma. Unaposhika orodha kichwani unajisemea kimoyomoyo, na sauti ya mwimbaji inaingia kwa mlango huo huo bila kupiga hodi. Mwaka 1989 watafiti Pierre Salamé na Alan Baddeley walionyesha kwamba muziki wenye kuimbwa huvuruga kukumbuka tarakimu kuliko wa ala tupu. Na hoja ya Lingala ilikuwa imejibiwa kabla hata mimi sijaanza shule: mwaka 1976 Colle na Welsh waliwasikilizisha Kijerumani watu wasiokijua, na bado walikosea zaidi kuliko kwenye ukimya. Kilichomuuma zaidi mpwa wangu ni cha Perham na Vizard, 2011: wimbo unaoupenda unavuruga sawasawa na ule unaouchukia.

Kuna atakayekuletea habari za Mozart, kwamba kusikiliza muziki wake kunaongeza akili. Ule utafiti wa 1993 ulihusu wanafunzi wa chuo waliosikiliza kwanza, kisha wakafanya mafumbo ya maumbo, na faida yake ilidumu kama robo saa. Kukariri kemia hakumo.

Lakini usikimbilie kunyang'anya. Sijui unakaa wapi, ila kwenye ploti yetu huo ukimya wa kupimia watu haupo. Jirani wa juu ana wufa, wa ukutani anafungulia taarifa ya habari hadi sahani zinatetema, na Jumatano mhubiri anasimika spika stejini. Kama maneno ya watu ndiyo yanayoharibu, basi mtoto asiye na kitu masikioni anameza maneno ya wote watatu. Hapo ala tupu, sauti ya chini, inafunika mengi. Nilipomvua vipokea sauti kwa nguvu muhula wa kwanza, alama zake hazikupanda hata kidogo, na mimi nikaambulia kununiwa wiki nzima.

Siku hizi anachokariri, iwe metali, tarehe za historia au ngeli, anakikariri alfajiri saa kumi na moja, kabla majirani hawajaamka, bila chochote masikioni. Jioni kukiwa na kelele, gitaa. Mazoezi ya hesabu ambayo njia yake anaijua, au kunakili noti, aweke anachotaka. Muziki unamzuia kusinzia, na hilo si dogo.

Simu yenyewe niliiondoa, kwa sababu kati ya wimbo na wimbo kuna ujumbe wa marafiki. Nikamnunulia kispika kidogo cha memori kadi pale Luthuli Avenue, nikakitia ala tupu. Wiki ya pili nikapita mlangoni pake nikasikia sauti ninayoijua: ameingiza rumba yangu yote humo, anafanyia hesabu.